Injini Ijaribiwe Kwanza

Daktari wa macho alimweleza Njau kwamba presha ya macho ilikuwa imekula uwezo wake wa kuona pembeni. Sasa alikuwa anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na mtu wa namna hiyo hafai kushika usukani. Njau alikuwa ameendesha malori ya Kampala tangu ujana wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akatoka nje hadi kwenye maegesho na kumpa mkewe ufunguo wa pikapu.

"Endesha wewe," alisema.

Idah aliendesha kutoka Thika hadi kwao Kahawa Sukari. Pale Juja, Njau alisema kuna lori linawapita vibaya upande wa kushoto. Halikuwepo.

Idah alikuwa na duka la dawa za mifugo na chakula cha kuku pale Kimbo, na Jumamosi alirusha glaida. Watu wa Kimbo walikuwa wamezoea habari hiyo, ingawa wengi hawakuielewa vizuri. Glaida ni ndege nyembamba yenye mabawa marefu, isiyo na injini. Ndege nyingine ndogo huivuta kwa kamba hadi juu, kamba inaachiliwa, halafu rubani anatafuta hewa ya joto inayopanda kutoka ardhini na kuzunguka ndani yake, kama mwewe. Akijua kazi yake, anaweza kufika Nanyuki na kurudi bila kuchoma tone la mafuta. Hewa ikimkatalia njiani, anatua alipo, kwenye shamba la mtu, na kupiga simu.

Aliyekuwa akipigiwa simu hiyo ni Njau. Kwa miaka mingi alifunga trela nyuma ya pikapu na kwenda kumtafuta. Alishamtoa kwenye mpunga wa Mwea na kwenye uwanja wa shule huko Maragua. Mara moja alimtoa kwenye malisho ambapo fahali alikuwa amesimama kando ya bawa, akilitumia kujikuna shingo. Walikuwa wakiifungua ndege vipande vipande, wanaipakia, na wakirudi wanasimama Sagana kula samaki. Njau alilalamika kila mara, na kila Jumamosi asubuhi alikuwa wa kwanza kukagua upepo wa magurudumu ya trela.

Baada ya ile siku ya daktari, Idah aliibadilisha glaida yake kwa nyingine iliyokuwa na injini ndogo ya akiba. Injini ya namna hiyo haiwezi kuinua ndege kutoka ardhini. Hulala ndani ya mgongo wa ndege, nyuma ya kichwa cha rubani, na huamshwa tu hewa inapokataa. Rubani anabonyeza swichi, injini inachomoza nje na pangaboi lake. Anafungua mafuta, anainamisha pua ya ndege ili ipate kasi, upepo unalizungusha pangaboi, na injini inawaka. Basi anajikokota polepole hadi nyumbani.

"Kwa hivyo umeandika dereva mwingine," Njau alisema alipoonyeshwa.

Wote waliokuwepo walicheka. Idah pia alicheka.

Uwanja wao ulikuwa kipande cha ardhi kilichonyooka katikati ya mashamba ya kahawa, kati ya Ruiru na Thika, na hanga moja la mabati la kuhifadhia ndege. Fundi wao alikuwa Mbula, mwanamke mfupi wa Mwihoko ambaye hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza alimpa Idah sharti moja.

"Mama, hii injini usiende nayo mbali kabla hujaijaribu. Huku chini haiwezi kuwaka, inataka upepo. Kwa hivyo Zaid akishakuvuta juu na kukuachilia, iwashe ukiwa bado juu ya uwanja. Ikikataa, unashuka unakunywa chai. Ikikataa ukiwa huko Makuyu, hiyo sasa ni maombi."

"Kila safari?"

"Kila safari ndefu. Injini ikikaa bila kazi inakuwa na kiburi."

Kulikuwa na shida moja. Ikiwa inawaka, injini hiyo hupiga kelele nyuma kabisa ya kichwa cha rubani, hata asiweze kutofautisha mngurumo mzuri na mbaya. Lilihitajika sikio chini, mtu wa kusikiliza na kumwambia kwa redio. Hapakuwa na mabishano juu ya nani awe mtu huyo. Njau alikuwa akilisikia lori likiingia stendi ya Busia na kukuambia ni silinda gani ina kasoro.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri. Zaid, muuza vifaa vya ujenzi wa Ruiru ambaye ndiye aliyerusha ile ndege ya kuvuta, alimfikisha Idah juu na kumwachilia. Injini ilichomoza, ikapiga chafya, ikawaka. Njau alisimama katikati ya uwanja na redio mkononi, kichwa amekiinamisha.

"Iko sawa," alisema. "Enda."

Idah aliizima, akasubiri ipoe, akairudisha ndani, akaenda kuzunguka Kilimambogo na kurudi jioni bila kuihitaji. Njau alishinda kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa hanga. Zaid alimletea sambusa na gazeti, akakumbuka kuhusu macho, akalichukua tena gazeti.

Jumamosi iliyofuata, injini ilipowaka, Njau aliisugua redio kwa kidole gumba kabla ya kuibonyeza.

"Inakohoa. Shuka."

Idah alishuka. Mbula alifungua plagi, akatazama chujio la mafuta, akakagua nyaya. Kila kitu kilikuwa safi. Alisema pengine ni uchafu uliopita kwenye mafuta, akabadilisha plagi ili roho yake itulie.

Mara ya tatu ilikuwa siku ambayo marubani huisubiri mwaka mzima. Mawingu madogo meupe yalipangana kutoka Thika hadi Mlima Kenya, yakiwa na matumbo bapa. Idah alikuwa amemwachia msichana wa dukani kazi zote. Injini ikawaka mara moja. Yeye mwenyewe hakusikia tofauti yoyote.

"Shuka, Mama Wanja," sauti ya Njau ikaja, ikimwita kwa jina la binti yao. "Bado inakohoa. Usiende."

"Una hakika?"

"Shuka."

Alishuka. Aliketi kando ya bawa akitazama mawingu yale yakienda zake, huku Mbula akiinama ndani ya mgongo wa ndege kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Njau alisema anaenda chooni. Alipokuwa mbali, Mbula alijipangusa mikono.

"Mama, hakuna kitu hapa."

"Lakini amesikia."

"Na mimi nilikuwa nimesimama hapo na yeye. Nimesikia pia." Mbula alianza kurudisha vifaa kwenye sanduku, kimoja kimoja. "Haikuwa inakohoa."

Idah alimtazama mumewe akirudi kutoka chooni, akikanyaga kwa uangalifu kama anayevuka mto, akigeuza kichwa kizima huku na huku ili aone kile ambacho zamani angekiona kwa pembe ya jicho.

Nyumbani Idah alipika ugali na mboga, wakala, akatoa vyombo. Ndipo aliporudi mezani na kuketi.

"Baba Wanja, injini ilikuwa inakohoa?"

Njau alikuwa ameshika kikombe. Alikizungusha.

"Kidogo."

"Mbula anasema hapana."

"Mbula ni mtoto wa juzi."

"Njau."

Hakuwa na mazoea ya kumwita kwa jina. Njau aliweka kikombe chini.

"Haikuwa inakohoa," alisema. "Hata ile siku nyingine. Iko sawa tu. Ni injini nzuri."

"Sasa kwa nini?"

"Sijui niseme nini." Alikisukuma kikombe kando. "Ukienda, unaenda mpaka jioni. Zamani nilikuwa nangoja simu. Nilikuwa najua ikilia ni mimi. Sasa nakaa kwa kile kiti, na hiyo kitu ikiwaka, najua simu haitalia. Nikasema siku moja tu ushuke. Halafu nikasema tena."

Idah alikasirika. Alikuwa ametarajia kwamba akishaambiwa ukweli atamhurumia, na alipoona amekasirika zaidi, hasira yenyewe ilimshangaza.

"Unajua nikiwa huko juu siwezi kuisikia?" alisema. "Nimekuamini wewe kuliko hata fundi. Ukiniambia ni mbovu kumbe ni nzima, basi siku utakaponiambia ni nzima, mimi nitajuaje?"

"Hiyo siwezi. Hiyo siwezi kukudanganya."

"Umeshanidanganya."

"Nimekudanganya ushuke. Siwezi kukudanganya uende."

Alisema hivyo kwa ukali, kana kwamba ndiye aliyekosewa. Idah aliondoka mezani. Usiku ule walilala wakiwa wamepeana migongo, na wiki nzima mazungumzo yao yalikuwa ya chakula cha kuku na bili ya maji ya kanjo.

Ijumaa jioni, akifunga duka, Idah aliamua. Angeweza kumpa Mbula ile redio. Alikuwa akilifikiria jambo hilo tangu Jumapili. Lakini alijua kwamba akimpa Mbula, Njau hatakanyaga uwanjani tena, na aligundua kwamba hilo hakulitaka hata kama bado ana kinyongo.

"Kesho naenda Nanyuki kama hali ni nzuri," alimwambia Njau. "Utashika redio."

"Mbula je?"

"Mbula ana kazi yake."

Kesho yake Zaid alimvuta hadi juu akamwachilia. Idah aliitoa injini, akafungua mafuta kwa kile kishikio chekundu kilichokuwa chini ya mkono wake wa kushoto, akainamisha pua. Injini ikawaka, kelele ikajaa kichwani. Alizunguka juu ya uwanja na kungoja. Njau alichelewa kujibu hata akadhani redio imekufa.

"Iko sawa," Njau akasema mwishowe. "Nimesikiliza mzunguko wote. Iko safi kabisa. Enda, mama."

Aliizima. Alifunga kile kishikio chekundu, akasubiri injini ipoe, akairudisha ndani. Kisha akageuza pua kuelekea kaskazini.

Hewa ilikuwa nzuri. Alipita juu ya Makuyu na Sagana akiwa juu sana, akaufuata ukingo wa mawingu hadi karibu na Naro Moru. Hapo aliona mawingu ya upande wa Aberdare yameanza kutandaa na kuungana. Aliacha habari za Nanyuki akageuka. Kivuli kilikuwa kimeifunika nchi yote chini yake, na ardhi isipopata jua haitoi hewa ya joto. Alishuka na kushuka. Sagana akapita, akapata kijihewa kidogo, kikafa. Alipoanza kuona mistari ya katani ya Makuyu alijua hatafika uwanjani kwa mabawa tu.

Hakuogopa. Hiyo ndiyo kazi iliyomfanya abebe injini. Alichagua kwanza shamba la kutua, kipande kilicholimwa kando ya nyumba ya mabati ya bluu, kwa sababu Mbula alimfundisha hivyo: shamba kwanza, injini baadaye. Kisha akabonyeza swichi. Injini ikachomoza, na ndege ikaanza kushuka haraka zaidi, kama mtu aliyefungua mwavuli akiwa anakimbia. Akainamisha pua. Pangaboi likazunguka. Injini haikuwaka.

Akainamisha tena, zaidi. Pangaboi likazunguka kwa kasi, likivuma. Hakuna kitu.

Ardhi ilikuwa inapanda. Aliweza sasa kuona kuku uani pa ile nyumba ya bluu. Mara ya tatu aliiweka pua chini kwa kutumaini tu, na ilipokataa aliacha kabisa kuifikiria injini. Aliligeukia shamba. Alivuka ua wa miti kwa chini kuliko alivyopenda, akaiweka ndege kwenye matuta, ikaruka mara moja, ikakwaruza, ikasimama. Bawa moja lililala taratibu kwenye udongo.

Alikaa ndani bila kugusa chochote. Halafu aliinama kufungua mkanda, ndipo alipokiona kishikio chekundu. Kilikuwa kimefungwa. Hakukifungua. Alikifunga juu ya uwanja baada ya jaribio, na huku juu ya Makuyu mkono wake haukukigusa kamwe.

Mwenye shamba alikuja akikimbia na jembe mkononi, mama wa makamo aliyejitambulisha kama Emmah. Aliizunguka ndege yote kabla ya kuuliza kama kuna aliyeumia.

"Haiya! Na injini iko wapi?"

"Ndiyo hiyo nyuma."

"Sasa mbona umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimetua," Idah alisema, na kwa mara ya kwanza alitaka kucheka na kulia pamoja.

Alipiga simu. Njau aliipokea kabla haijalia vizuri.

"Niko Makuyu, kwa shamba. Niko mzima. Injini haikuwaka."

Upande wa pili kiti cha plastiki kilisikika kikianguka.

"Nilisikia iko sawa," Njau alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mama Wanja, naapa kwa Mungu, nilisikia iko sawa."

Angeweza kumwambia pale pale. Maneno yalikuwa mdomoni.

"Kujeni tu," alisema, akakata.

Walifika na pikapu na trela, Mbula akiendesha, Njau pembeni yake. Mbula alisema baadaye kwamba njia nzima mzee alikuwa akimwonyesha wapi pa kukunja, na kwamba kila kona aliijua. Njau alishuka, akamshika Idah mabega, akamgeuza mbele ya macho yake ili amwone kipande kwa kipande, uso, mikono, miguu. Uso wake mwenyewe ulikuwa kama wa mgonjwa.

Mbula alikuwa tayari amefungua sanduku lake la vifaa. "Wacha nione hii injini ina nini."

Njau aliinamisha kichwa. Idah alielewa kwamba tangu ile simu mumewe alikuwa akijiuliza kama masikio nayo yameanza kwenda.

"Usifungue, Mbula," alisema. "Injini ni nzima. Mimi ndiye nilisahau kufungua mafuta."

Mbula alitazama ndani ya chumba cha rubani. Akafunga sanduku, akaenda kuzungumza na Emmah kuhusu mahali pa kupitisha trela.

"Ulijua saa ngapi?" Njau aliuliza.

"Nilipotua tu."

"Na ukaniambia kwa simu haikuwaka."

"Haikuwaka."

"Idah."

"Najua," alisema. "Niliona aibu. Nikasema acha iwe ni injini."

Njau alikaa chini kwenye tuta la udongo. Idah alidhani ataongea kuhusu uongo, wa mkewe au wake mwenyewe, na alikuwa tayari kumsikiliza.

"Ulikuwa chini kiasi gani ulipoiacha injini?" ndilo swali aliloliuliza.

"Chini. Niliona kuku."

"Ngai." Alijipangusa uso kwa kiganja. "Kuku wa rangi gani?"

"Weusi. Na mmoja wa madoadoa."

Aliguna, akanyoosha mkono, na Idah akamvuta asimame. Walianza kuifungua ndege kabla giza halijaingia. Mbula alichomoa vyuma vya kushikilia mabawa. Njau alishika ncha ya bawa, mahali pake pa siku zote, akarudi kinyumenyume kuelekea kwenye trela. Kulikuwa na mfereji nyuma yake ambao hangeweza kuuona.

"Kuna shimo kushoto," Idah alimwambia. "Hatua kubwa."

Akavuka kwa hatua kubwa. Emmah aliwaletea chai na viazi vitamu, akakataa katakata kwamba matuta yake yameharibika.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha. Wiki iliyoifuata anga ilifunguka, hali ya wastani tu, na Idah akasema ataenda Kilimambogo, si zaidi. Zaid alimwachilia juu ya uwanja. Njau alisimama katikati ya nyasi na redio, na Mbula akiwa karibu naye akinywa soda.

"Naitoa injini," sauti ya Idah ikasema. "Imetoka. Nafungua mafuta. Imefunguliwa. Nainamisha."

Hapo awali hakuwahi kuyasema hayo kwa redio. Injini ikawaka. Njau alisikiliza mzunguko mzima.

"Iko sawa."

"Naizima. Sasa naiwasha mara ya pili."

Ikazimika, ikanyamaza, ikawaka tena. Njau alisikiliza tena mzunguko mzima. Mbula alimtazama, na Njau akaitikia kwa kichwa.

"Iko sawa hata ya pili," Njau alisema kwenye redio. "Hakuna kikohozi."

"Nairudisha ndani. Mafuta naacha wazi. Sifungi."

"Nimesikia. Mafuta wazi."

Glaida iligeuka kuelekea mashariki, ikaanza kuzunguka juu ya mashamba ya kahawa, ikipanda. Njau aliifuata kwa macho mpaka ikatoka nje ya lile bomba lake la kuonea, na hakuhangaika kuitafuta. Alimuuliza Mbula kama kuna soda nyingine.